Ankara Moja, Mistari Sita: Mhadhara Kuhusu Rekodi Zinazojirudia

Habari zenu wote, na asanteni kwa kuja. Naomba mshike kalamu, maana tunaanza na hesabu.

Tuna ankara namba 1041, thamani yake ni 300. Ndani yake mna bidhaa tatu, na mteja ameilipa kwa awamu mbili za 150. Amemaliza, hadaiwi kitu. Katika hifadhidata mambo haya yamekaa kwenye majedwali matatu: la ankara, la bidhaa na la malipo. Mwandaaji wa ripoti anayaunganisha yote kwa namba ya ankara, kisha anaomba jumla.

Itatoka mistari mingapi? Kila bidhaa inakutana na kila malipo: tatu mara mbili, sita. Ile 300 imeandikwa kwenye kila mstari, kwa hiyo jumla ya ankara inasomeka 1,800. Kila malipo yamejirudia mara tatu, kwa hiyo yanasomeka 900. Toa hapo, na mteja aliyelipa hadi senti ya mwisho anadaiwa 900. Barua ya madai inamfuata.

Tazameni vizuri: hakuna aliyeingiza data mara mbili. Majedwali yote matatu ni safi. Kurudia kumezaliwa ndani ya ripoti yenyewe, pale tulipounganisha. Ndiyo maana kila ninapoletewa ripoti yenye marudio, swali langu la kwanza ni moja: mstari huu umetoka wapi? Kabla halijajibiwa sitaki mtu aguse kitu.

Wengi hukimbilia neno DISTINCT, ambalo katika SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, huondoa mistari inayofanana. Nawaelewa, ni fupi na linaonekana kama tiba. Lakini DISTINCT hulinganisha mstari mzima. Mistari yetu sita inatofautiana kwa bidhaa au kwa malipo, kwa hiyo DISTINCT haiondoi hata mmoja. Hapo mtu huenda hatua ya pili, anaandika SUM(DISTINCT) juu ya kiasi, yaani jumlisha kila thamani mara moja tu. Sasa ankara yetu inasoma 300, anafurahi. Ila yale malipo mawili ya 150 yamehesabiwa kama moja, kwa sababu thamani zinafanana. Na kama mteja mwingine kabisa naye ana ankara ya 300, katika jumla kuu ankara yake imemezwa. Tumetoka kwenye kuzidisha, tumeingia kwenye kupunja, na kupunja ni vigumu zaidi kukuona kwa macho.

Mnaweza kuuliza kwa nini lugha hii inaruhusu marudio tangu mwanzo. Edgar Codd alipochapisha mfumo wa uhusiano, yaani wa kupanga data katika majedwali, mwaka 1970, akiwa IBM, aliujenga juu ya dhana ya seti, na seti haina kitu mara mbili. Miaka minne baadaye, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa IBM vilevile, walieleza SEQUEL, lugha ambayo leo tunaiita SQL. Yenyewe huacha marudio yabaki mpaka uombe yaondolewe, kwa sababu kuyatafuta kunagharimu kazi ya kompyuta. Codd aliukosoa uamuzi huo waziwazi. Mimi niko upande wake kwa nadharia, ila ripoti tunaziandika kwa lugha tuliyo nayo.

Sasa kuna mtego ambao uliwahi kuninasa mimi mwenyewe. Programu za ripoti, Crystal Reports ikiwa mojawapo, zina chaguo la kuficha thamani inayojirudia. Ukiliweka, 300 inaonekana mara moja tu na ukurasa unapendeza. Lakini kilichofichwa hakijaondoka. Jumla ya chini bado inakihesabu. Nilipeleka ripoti ya namna hiyo kwenye ofisi moja, na mhasibu akaketi na kikokotoo, akajumlisha mistari aliyoiona, akapata namba nyingine kabisa. Hakugomba. Aliniuliza tu ipi ni ya kweli, na sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sifichi mstari kabla ya kuhakikisha jumla inajumlisha kile kile kinachoonekana. Katika programu ile, njia ni kutumia jumla endelevu inayoongezeka pale tu namba ya ankara inapobadilika.

Tiba yenyewe ni kujumlisha kabla ya kuunganisha. Malipo yajumlishwe kwanza kwa kila ankara, yabaki mstari mmoja: 1041, 300. Bidhaa nazo vivyo hivyo. Ndipo unganisha. Unapata mstari mmoja, ankara 300, malipo 300, deni sifuri. Na katika kila hatua hesabu mistari: kama ulikuwa na ankara 2,000 na baada ya kuunganisha una 2,350, simama hapo hapo.

Kuna marudio ya aina nyingine kabisa: mtu mmoja aliyesajiliwa mara mbili, mara Mohamed, mara Muhammad. Hapa kuunganisha majedwali hakuhusiki. Kosa liko kwenye chanzo. Mwaka 1969 Ivan Fellegi na Alan Sunter walitoa nadharia ya kulinganisha rekodi, na kinachonigusa ni kwamba hawakuweka majibu mawili. Waliweka matatu: ni mmoja, si mmoja, na huenda. Kundi la "huenda" linapelekwa kwa binadamu akalitazame. Nawasihi msilifute kundi hilo kwa kutaka kazi iishe haraka. Rekodi mbili za mgonjwa mmoja ni usumbufu. Wagonjwa wawili waliogeuzwa kuwa mmoja ni hatari, kwa sababu mzio wa huyu utasomwa kwenye faili la yule, na kuwatenganisha tena ni kazi ngumu mno. Msifute rekodi ya zamani. Iwekeeni alama, na mtunze jedwali linaloonyesha namba ipi imeelekezwa kwenye ipi.

Mwisho, kuhusu kuzuia. Wekeni sharti la upekee, linalokataa thamani ile ile mara mbili, kwenye safu inayomtambulisha mtu, lakini mjue kwamba katika mifumo mingi ya hifadhidata, PostgreSQL ikiwamo, sharti hilo kwa kawaida huziruhusu NULL, yaani nafasi zisizo na thamani, nyingi kadiri zitakavyokuja. Watu kumi wasio na namba ya utambulisho watapita wote kumi bila kizuizi. Kwa hiyo anzeni kwa kuhesabu mistari ambayo safu hiyo iko tupu.

Basi, nafungua ankara 1041 kwenye skrini tuitengeneze pamoja. Mwenye swali aulize tukiendelea.