Kidole Huja Mwisho: Mhadhara Kuhusu Ufundi katika Gemu za Kufyatuliana Risasi

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Kila anayecheza gemu za risasi amewahi kuambiwa kwamba hapo hakuna ufundi, ni kubofyabofya tu, na mwenye vidole vyepesi ndiye mshindi. Sitalibeza dai hilo, maana bila vidole hufiki mbali. Ila kidole ndicho kinachokuja mwisho.

Tuchukue Counter-Strike, iliyoanza 1999 na mpaka leo mifupa yake ni ileile: watano kwa watano, upande mmoja unatega bomu, wa pili unazuia. Shika AK-47 ukandamize kitufe. Risasi 30 za magazini hazitoki ovyo. Kwanza zinapanda, kisha zinayumba upande huu, kisha ule, na njia yake ni karibu ileile kila mara. Aliyebobea huvuta kipanya chini na kukiyumbisha kinyume chake, mkono ukifuata mchoro ambao haujachorwa popote. Tena ukifyatua huku unakimbia, risasi zinatawanyika. Kwa hiyo anayekwenda kulia hugusa kidogo kitufe cha kushoto, mwili unasimama papo hapo, anapiga, anaendelea na safari. Mtazamaji haoni lolote la ajabu: mmoja kapiga, mwingine kaanguka.

Hayo ni ya mkono, na mkono hufundishika. Lakini mbona kijana mwenye kasi hupigwa na mtu aliye mzito kidogo? Tukiona kitu, wengi wetu huchukua milisekunde 200 hadi 250 hivi kidole kikaitika, na baina ya mwepesi na mzito tofauti ni makumi machache tu ya milisekunde. Sasa fikiria mtu ambaye alama yake ya kulengea imeshakaa ukingoni mwa kona, kimo cha kichwa, kabla adui hajachungulia. Hana cha kusogeza, anabofya, basi. Yule mwepesi aliyekuwa akitazama sakafu inabidi aone, anyanyue, arekebishe, ndipo apige. Keshachelewa.

Halafu kuna hesabu, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Bomu likitegwa, zinabaki sekunde 40. Kulitegua huchukua 10, au 5 kama ulinunua vifaa. Umebaki peke yako, maadui wawili wamejificha, bomu limebakiza sekunde 12, vifaa huna, mkononi una AK-47 uliyoiokota kwa adui. Mpiga shabaha asiyefikiri ataingia. Mwenye akili atageuka na kukimbia, kwa sababu bunduki hiyo upande wa pili huinunua kwa dola 2,700 za ndani ya mchezo, na akiibakisha, raundi ijayo timu yake ina silaha moja ya maana hata kama pesa zimekauka. Mtu akikimbia hivyo, watazamaji wageni humcheka.

Akili ya namna hiyo si ya jana. Katika Quake, gemu ya risasi ya zamani, silaha na ngao zikichukuliwa hurudi palepale baada ya muda unaojulikana. Dennis Fong, maarufu kama Thresh, aliyeshinda mashindano ya mwaka 1997 na kuondoka na Ferrari ya John Carmack, mmoja wa waliouunda mchezo huo, alisifika kwa kujua mpinzani yuko wapi bila kumwona. Ukijua ngao inarudi lini, unajua na nani atakuja kuifuata.

Na bahati je? Ipo. Katika Fortnite watu 100 wanashuka kisiwani, na mmoja anaangukia bunduki nzuri, mwenzake anaambulia takataka. Mechi moja haikuambii mengi. Lakini fainali ya dunia ya 2019 kwa wachezaji wa mmojammoja ilikuwa ya mechi sita, na Kyle Giersdorf, mwenye miaka 16, alimaliza na pointi 59. Wa pili alipata 33. Pengo hilo halitokani na kuokota vizuri.

Kuhusu wanaotumia pedi, yaani kidhibiti cha kushika kwa mikono miwili badala ya kipanya, ambao gemu huwasaidia kwa kupunguza kasi ya alama ya kulengea ikimkaribia adui: ugomvi huo hauishi, na binafsi unanichosha. Msaada ule haukuchagulii pa kusimama.

Kinachodanganya zaidi ni mfumo wa kupanga wapinzani. Seva, yaani kompyuta inayoendesha mchezo, hukupa wa kiwango chako. Ukipanda, nao wanapanda. Basi utashinda karibu nusu ya mechi ukiwa hodari, na karibu nusu ukiwa dhaifu, na utaapa kwamba hujasogea hata hatua. Usiulize matokeo. Fungua rekodi ya mechi yako ya zamani, uisimamishe kila unapokufa, uangalie alama yako ilikuwa imelenga wapi sekunde moja kabla. Mara nyingi utaikuta ukutani.