Akirudi Nyumbani Baada ya Kuumia Shingo Uwanjani

DADA: Karibuni tena. Leo tunaongea na familia ambayo kijana wao aliumia shingo michezoni, labda kwenye raga, labda sarakasi. Uti wa mgongo umejeruhiwa, hospitali imemruhusu, na sasa wauguzi hawapo. Kaka, tuanzie wapi?

KAKA: Tuanzie kwenye kichwa kumgonga. Wengi wamefundishwa kumgeuza na kumwogesha, hili likawapita. Aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya uti wa mgongo, sehemu ya kifua, kwenda juu, kitu kikimkera sehemu asiyoihisi, tuseme kibofu kimejaa, mishipa ya damu hubana na presha hupanda ghafla. Kichwa kinamuuma sana, uso unamwiva, jasho linamtoka juu ya jeraha, na huku miguu ni ya baridi.

DADA: Anapewa dawa ya maumivu, analazwa apumzike.

KAKA: Asilazwe! Kulala kunaipandisha zaidi. Mkalishe wima, miguu ining'inie. Legeza mkanda, viatu, soksi, na ule mkanda wa mfuko wa mkojo pajani. Halafu ufuate mpira wa mkojo kwa vidole tangu mwilini hadi kwenye mfuko. Umejikunja? Ameukalia? Mfuko umejaa? Kama hana mpira wa kudumu, mtoe mkojo papo hapo. Kibofu kikiwa sawa, fikiria choo kikubwa, lakini kumchokonoa bila jeli ya ganzi kunaweza kuipandisha presha zaidi. Mwisho ngozi: kidonda, ukucha ulioota ndani, hata mkunjo wa nguo aliokalia.

DADA: Na kipimo cha presha kinasemaje?

KAKA: Aliyeumia shingo, namba ya juu mara nyingi huwa 90 hadi 110. Sasa 130, ambayo kwa baba yake si kitu, kwake yeye ni hatari. Kupanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida yake kunatosha. Andikeni kawaida yake, ibandikwe kando ya kitanda. Pima kila dakika 5 au chini ya hapo. Isiposhuka, au chanzo kisipoonekana, iteni ambulensi na mtaje kabisa pingili iliyoumia.

DADA: Kwa hiyo kibofu ndicho cha kulindwa kwanza. Anayetolewa mkojo kwa mpira wa kuingiza na kutoa, ni kila saa 4 hadi 6, na kiasi kisizidi mililita 500. Kikizidi, sogezeni saa karibu zaidi. Tafadhali, msimnyime maji ili kupunguza kazi. Mkojo ukiwa mzito, maambukizi na mawe yanafuata.

KAKA: Ngozi nayo. Kitandani ageuzwe kila saa 2 mwanzoni. Kwenye kiti cha magurudumu, kila dakika 15 hadi 30 ainame mbele au aegemee upande, abaki hivyo dakika 2 nzima. Kujiinua sekunde chache hakuirudishi damu.

DADA: Mto wa hewa wa kukalia kwenye kiti hicho pia hukosewa. Akiwa amekaa, pitisha kiganja kati ya mto na makalio, utafute mfupa ulioshuka zaidi. Chini yake ibaki nafasi ya kama sentimita 2. Ikikosekana, mfupa unagusa kiti. Ukijaza hewa kupita kiasi, mto unakuwa mgumu na anayumba.

KAKA: Na kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu. Gusa: pana joto kuliko pembeni? Pamekaza? Rangi imekolea? Basi pasikaliwe tena mpaka parudi sawa.

DADA: Niseme jambo linalonikaa moyoni. Mama huyabeba yote haya kwa mapenzi, na kijana wa miaka 20 anageuka mzigo wa kupangiwa. Mikono ikigoma, mdomo upo. Yeye ndiye aseme, "Fuata mpira wa mkojo, legeza soksi, pima tena."

KAKA: Wafanye mazoezi ya hilo presha ikiwa shwari. Amwite binamu asiyejua chochote, amwelekeze hatua zote, wazazi wakae kimya hata binamu akikosea mara mbili.

DADA: Na kengele ya saa za mkojo ilie kwenye simu yake mwenyewe.