Masanduku Bila Mistari

Hamjambo nyote. Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na jamu ya Ngong Road mnaijua, kwa hiyo niende kwenye jambo lenyewe.

Tazameni ukutani. Huu ni mchoro wa hifadhidata, yaani data iliyopangwa kwenye majedwali, ya sacco moja ya matatu hapa mjini, jina naliacha. Niliutoa kwa DBeaver, programu ambayo husoma majedwali na kuyachora yenyewe. Mnaona nini? Masanduku 31, kila moja ni jedwali, na mstari wa kuyaunganisha hata mmoja hakuna. Kama abiria wa Railways asubuhi: wamejaa, na hakuna anayemjua mwenzake.

Nikadhani programu imeharibika. Kumbe naisingizia. Yenyewe huchora mstari pale tu palipotangazwa ufunguo wa nje, yaani safu ya jedwali moja inayoelekeza kwenye ufunguo msingi wa jingine, ile namba inayotambulisha kila safu mlalo. Hifadhidata hii iko kwenye MySQL, programu ya kutunza data, na majedwali yake yalikuwa ya MyISAM, injini yake ya zamani ya kuhifadhi majedwali. Ukiipa amri ya ufunguo wa nje, inaipokea, inanyamaza, haifanyi lolote. InnoDB, ambayo huziheshimu funguo hizo, ilikuja kuwa injini ya kawaida kuanzia toleo la 5.5.

Basi nikachukua penseli, nikaketi na karani. Nikamuuliza, dereva mmoja huendesha gari moja? Akacheka. "Leo hili, kesho lile. Na gari lenyewe lina dereva wa asubuhi na wa jioni." Hapo ni wengi kwa wengi, mstari mmoja hautoshi, lazima jedwali la katikati. Tuliliita zamu: namba ya dereva, namba ya gari, tarehe, saa.

Peter Chen, mwanasayansi wa kompyuta aliyeanzisha michoro ya aina hii, katika makala yake ya 1976 uhusiano kati ya vitu aliuchora kwa umbo la almasi. Nikiwa na karani natumia almasi, maana anaisoma kama sentensi: dereva, anaendesha, gari. Kwa waandika programu nachora mguu wa kunguru, mstari unaogawanyika vidole vitatu upande wa "wengi".

Tukahamia InnoDB, tukatangaza funguo upya. MySQL ikakataa. Jedwali la makusanyo lilikuwa na namba za madereva ambao kwenye jedwali la madereva hawamo. Karani akazikodolea macho namba zile.

"Aa, hawa waliacha kazi. Tuliwafuta."

Pesa zimo, aliyezileta hayumo. Ikabidi tuwarudishe madereva wote, safari hii wakiwa na safu ya tarehe ya kuondoka, ndipo mstari ule ukakubali kuchorwa. Ni huu hapa, kushoto chini.

Haya, maswali.