Presi haina kosa, tuangalie kahawa tunavyoisaga

Mwangaluka, na wazee wangu shikamooni. Wale mlionisikia mara iliyopita mtanivumilia maana narudia lilelile, na nitaendelea kulirudia mpaka liingie: presi, lile birika la kioo la kubonyezea kahawa, haina kosa. Haipiti wiki mtu hajaniambia mama nilinunua presi, kahawa inatoka na tope, chungu kama shubiri, nimelipandisha juu ya kabati. Namuuliza swali moja tu, hiyo kahawa ilisagwa wapi? Ah, nilinunua ya pakti, imeshasagwa. Basi hapo ndo ugonjwa wenyewe.

Pitisheni hiki kisahani cha kahawa niliyoisaga kwa ajili ya presi, kila mtu achukue kidogo asugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Mnasikia inavyokwaruza? Kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Sasa hicho cha pili ndo ya dukani, sugua, unaona inavyojipaka mpaka inaingia kwenye mistari ya kidole? Hiyo ni ya kuchemshia, sio ya presi. Chujio la presi ni wavu wa chuma, unga unapenya unakuja kikombeni, na ule usiopenya unaziba matundu. Afu chembe ikiwa ndogo maji yanaikamua upesi, kwahiyo ndani ya zile dakika 4 za kusubiri kabla ya kubonyeza umeshavuka utamu zamani uko kwenye uchungu.

Mimi hili limeniacha na alama, huu mkono hapa. Jumapili moja alikuja shemeji yangu, kaka wa mume wangu, kashuka na meli ya asubuhi kutoka Bukoba, nikasema leo nimpikie kahawa ya heshima. Nilikuwa nimenunua nusu kilo kwenye duka moja mjini, muuzaji kasaga hapohapo na hakuniuliza naenda kuipikia nini. Hilo linanikera mpaka leo, mtu anauza kahawa hakuulizi unapikia nini! Nikaweka, nikamimina maji, nikasubiri, nikaanza kubonyeza. Haishuki. Nikaongeza nguvu, haishuki, nikasimama kabisa nikaegemea kwa viganja viwili, ghafla chujio likalala upande na maji ya moto yakaruka pembeni yakanimwagikia hapa kwenye kiwiko cha mkono. Shemeji kanikimbiza kwenye bomba, maji ya baridi muda mrefu, ndo akarudi mezani. Akachota ile kahawa kwenye pakti, akaisugua, akasema, "Shemeji, huu ni unga wa uji." Akafungua begi lake, alikuwa na punje zimekaangwa kwao, akaomba kinu. Nikamwambia kinu kina harufu ya kitunguu saumu, akakiosha akakikausha juani kwanza, akatwanga kidogokidogo, afu akapepeta kwenye chujio la chai. Ule unga uliodondoka chini akauweka pembeni, chenga zilizobaki juu ndo akatia kwenye presi. Dakika 4, akabonyeza kwa kiganja kimoja, ikashuka yenyewe taratibu. Nilikunywa ile kahawa nimefunga kitambaa mkononi na sijawahi kurudi kwenye ya pakti.

Sasa najua kuna mtu pale nyuma anasema mbona mzee wa kahawa kijiweni anatumia unga na kahawa yake tamu? Tamu kweli, mimi mwenyewe nainywa na kashata. Lakini yule anachemsha, anaacha itulie, machicha yanakaa chini ya birika na wewe unapewa kikombe kidogo cha juu. Ile ni kazi nyingine kabisa. Na asije mtu akaniambia haya ni mambo ya wazungu. Hapo ng'ambo ya ziwa Wahaya walikuwa wanatafuna kahawa ya kuchemshwa na kukaushwa, wanamkaribishia mgeni, kabla Mjerumani hajafika. Sisi ndo majirani wa kahawa, afu tunakunywa vumbi!

Kama huna grinda ya mkono, kinu kinatosha. Blenda nayo sawa ila ipige vipigo vifupivifupi, usiiache inguruma, na lazima upepete maana inatoa unga na mapande kwa pamoja. Saga ya siku hiyohiyo, ikikaa imesagwa harufu inakimbia.

Maji, naona muda unaniishia. Mnasikia watu wanasema yakichemka yataunguza kahawa, subiri yapoe. Huko pwani sawa. Hapa ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemkia kwenye nyuzi 96 hivi, na kahawa inataka 92 mpaka 96. Kwahiyo Mwanza yakishatulia mapovu mimina tu, wala usitafute kipimajoto. Kipimo ni gramu 60 kwa lita, hii yangu ya nusu lita nimeweka 30. Ukitumia ile aina ya kahawa ya Kagera inayoitwa robusta kumbuka kafeini yake ni karibu mara mbili ya aina ya arabika, usinywe saa tatu usiku afu unilaumu. Na mwenye kolesteroli aende nayo taratibu, wavu wa chuma haushiki yale mafuta ya kahawa kama karatasi inavyoshika.

Hii niliyomimina wakati nahangaika na mambo ya kijiweni, nani ana saa? Dakika 4 tayari? Haya sogeeni. Angalieni hilo gamba lililopanda juu, nalivunja na kijiko, sikieni harufu hiyo, chenga zinazama. Sasa nabonyeza, kiganja kimoja, bila haraka... imeshuka. Isibaki humu hata kidogo, itaendelea kukamuka, yote naihamishia kwenye chupa ya chai. Wewe dada uliyesema lako liko juu ya kabati, lete kikombe uwe wa kwanza, na usitie sukari kabla hujaonja.