Chuo kikuu kikimlipa jali, kinanunua nini?

Haya asanteni, karibuni, wale wa nyuma sogeeni mbele maana mi sipendi kupiga kelele na hii maiki naona ina mambo yake. Mada mmeiona. Nitaongea kuhusu majali wa Afrika Magharibi, yaani wanamuziki wa kurithi wanaotunza historia na kusifu watu, na hasa wapiga kora, kile kinubi chao cha nyuzi nyingi, walioalikwa kukaa vyuo vikuu vya Marekani, anakaa muhula, anakaa mwaka, anafundisha, anarudi kwao. Na swali langu ni moja tu, chuo kikishamlipa huyu mtu kinakuwa kimenunua nini hasa?

Tuanze na jali mwenyewe. Kwa Wamandinka wa Gambia na Senegal, na ndugu zao wa Mali na Gine, ujali ni wa kuzaliwa, huombi kazi. Koo zinajulikana, Suso, Kuyate, Konte, Jobarteh, Diabate. Na kazi yenyewe si kupiga kora tu, jali ndo anayetunza nasaba za watu, anapatanisha waliogombana, anasimama kwenye harusi na siku mtoto anapopewa jina. Mshahara hana. Ana tajiri wake, Mali wanamwita jatigi, yaani familia kubwa ambayo ukoo wa huyu jali umekuwa ukiisifu toka enzi za mababu, na hiyo familia inamlisha, inamvisha, siku ikiwa nzuri inatoa hata ng'ombe. Nyie watu wa taarab hili mnalielewa haraka kuliko profesa yeyote wa Los Angeles, si mnajua kutunza? Ila ipo tofauti. Kwenye taarab unainuka na noti kwa sababu wimbo umekugusa au una mtu unataka zimfikie, kule unatoa kwa sababu babu wa babu yako ametajwa mbele za watu na matendo yake yamepangwa moja moja, na ukikaa kimya na hela yako mfukoni aibu ni yako wewe na ukoo mzima.

Sasa mchukue huyo mtu umpandishe ndege.

Miaka ya 1960 vyuo vya Marekani vilipata wazo, na mi nasema wazi lilikuwa wazo zuri, kwamba mtu anayesoma muziki wa watu fulani lazima aupige kwa mikono yake na afundishwe na mwenye nao. UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, Mantle Hood alianzisha taasisi yake ya kusoma muziki wa mataifa 1960, na wakaja wapigaji wa Java, wa Ghana, wa kila mahali. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Robert Garfias alianzisha programu yake 1962 na wao wakajenga utaratibu wa kuleta msanii mgeni anakaa nao. Dumisani Maraire wa Zimbabwe alifika hapo 1968 na mbira, vile vyuma vya kupiga kwa gumba, na marimba, na mpaka leo ukizunguka ule upande wa Marekani unakuta vikundi vya marimba vya watu ambao Zimbabwe hawajawahi kukanyaga, hiyo ni stori ya siku nyingine. Ninayetaka kumzungumzia leo ni Jali Nyama Suso, wa Gambia, ambaye miaka ya mwanzo ya 1970 alikwenda Seattle kufundisha kora. Kwao alikuwa mtu mkubwa kabisa, sauti yake na kora yake watu walishazizoea redioni, Radio Gambia.

Hebu niwaeleze chombo kwanza maana wengine mmekiona kwenye YouTube tu. Kibuyu kikubwa kimekatwa nusu, kimevikwa ngozi ya ng'ombe, mti mrefu umepita katikati, nyuzi 21, kumi na moja mkono wa kushoto na kumi wa kulia. Zamani nyuzi zilisokotwa kwa ngozi ya swala, siku hizi ni nailoni, ule ule mshipi wa kuvulia samaki. Vinavyopiga ni vidole vinne tu, gumba mbili na vya shahada viwili, vingine vimeshika vishikio. Nyuzi zimefungwa kwenye pete za ngozi, na kutyuni ni kuzisukuma hizo pete juu chini kwenye mti, moja baada ya nyingine, kwa hiyo ukiona mpiga kora wa zamani anachukua muda wake kabla ya kuanza usidhani anaringa. Siku hizi wengi wanaweka vikaza nyuzi kama vya gitaa na mi siwalaumu. Msafiri Mskoti Mungo Park alikitaja kwenye kitabu chake cha safari cha 1799, aliandika kinubi kikubwa chenye nyuzi 18. Wenyewe wana habari ya kwao, kwamba kora ya kwanza ilitoka kwa majini, na aliyeipata ni Jali Madi Wuleng, jali wa yule shujaa Kelefa Saane. Ndo maana mwanafunzi wa kora kwa kawaida anaanzishwa na wimbo wa Kelefa.

Na anajifunzaje huyo mwanafunzi? Mara nyingi hata baba hamfundishi mwanae, anampeleka kwa mjomba au ndugu mwingine, anakaa kule miaka, analima shamba la mwalimu, anatumwa, anabeba kora ya mwalimu kwenda shereheni, anasikiliza mpaka zinamwingia. Sasa Seattle mwaka wa masomo umekatwa robo robo, na robo moja ni wiki kumi hivi. Wiki kumi! Mtoto wa watu ana kemia asubuhi, ana kazi ya kuosha vyombo jioni, katikati hapo ndo anataka kora. Kwa hiyo mwalimu anafanya anachoweza, anachukua wimbo anaukata vipande, hiki rudia, hiki rudia.

Hapa ndo kwenye hoja yangu, msikilize vizuri. Muziki wa kora una vitu vinne vinavyokwenda pamoja. Kuna kumbengo, lile duara la chini linalozunguka bila kukatika. Kuna birimintingo, zile mbio za vidole zinazomwagika katikati, ndo zinazowafanya Wazungu wapige makofi. Kuna donkilo, wimbo wenyewe, kiitikio. Na kuna sataro, maneno marefu anayoyatoa jali, majina, nasaba, methali, nani alimzaa nani na alifanya nini. Vitatu vya kwanza unaweza kuvifundisha darasani, kumbengo hata kwa kuandika nota. Hicho cha nne utamfundisha nani? Anakijua mwenye lugha, na hata ukiwa na lugha unahitaji mtu mbele yako wa kusifiwa. Mkuu wa idara utamwambia nini, kwamba babu yake alipigana vita gani? Kwa hiyo chuo kimeingia kwenye nafasi ya jatigi, kinalipa, kinampa nyumba, lakini ni tajiri asiyekuwa na babu. Anayelipa hasifiwi, na akisifiwa haelewi. Kinachobaki darasani ni nyuzi, mdomo umeachwa uwanja wa ndege wa Banjul. Halafu huyo mwanafunzi anahitimu, anaandika kwamba kora ni muziki wa kutuliza akili. Wa kutuliza! Hizi ni nyimbo za vita na wafalme jamani, sauti ni tamu lakini maneno ni ya watu kuuana.

Na kuna jambo lingine halisemwi sana. Kule kwao wanaume ndo walikuwa wanapiga kora, lakini uimbaji mkubwa uko kwa wanawake wa jali, wanawaita jalimusolu, na wanagonga kichuma mkononi wakati wanaimba. Sherehe ya maana bila mwanamke wa kuimba haijakamilika. Chuo kinanunua tiketi ngapi? Moja. Mara nyingi moja, ya mwanaume na kora yake, bajeti imeisha.

Sisemi wasiende. Angalia Abraham Adzenyah, Mghana, mpiga ngoma, yeye alifika Chuo Kikuu cha Wesleyan kule Connecticut, Marekani, 1969 akafundisha mpaka 2016. Huyo si mgeni tena, huyo ni mwenye nyumba. Ukimpa mtu miaka yote hiyo anapata wanafunzi wa kweli, wengine wakawa maprofesa nao wakafundisha. Mwaka mmoja na miaka zaidi ya 40 havifanani hata kidogo, na mi naona vyuo vinapenda mwaka mmoja kwa sababu mwaka mmoja hauna pensheni. Nisameheni, lakini ndo hivo.

Na Sona Jobarteh kafanya kinyume. Mwanamke, anapiga kora, kazaliwa London, babu yake ni Amadu Bansang Jobarteh, naye mpiga kora mkubwa wa Gambia. Akarudi Kartong, pwani ya Gambia, akafungua shule, watoto wanasoma masomo ya kawaida na kora pamoja. Mwalimu hapo hahitaji kueleza Kelefa ni nani.

Sasa nyie mlioniita, najua mnataka kumleta mpiga kora hapa muhula ujao, na kuna mtu kaniuliza pale mlangoni niwape ushauri wa bajeti. Leteni wawili, yeye na mwimbaji. Kama hela ni ya miezi mitatu kwa watu wawili au miezi sita kwa mmoja, chukueni mitatu. Mtafuteni mtu anayejua Kimandinka au Kibambara, wapo, Waafrika Magharibi wafanyabiashara wako mjini hapa, waalikeni kwenye onyesho wakae mbele, waambieni waje na noti ndogo ndogo. Alafu msiwakataze kuinuka katikati ya wimbo, na wala msiwawekee viti vya kufungwa pamoja maana hawatapita. Na hizo hela zitakazotupwa pale ni za wasanii, uhasibu usije ukazidai. Mengine tuulizane, naona dada pale kashanyoosha mkono muda mrefu.