Inafunguka kwangu, kwa mteja inagoma: mazungumzo kuhusu DLL zinazokosekana

NEEMA: Haya, tumerudi. Mimi ni Neema, naandika programu. Mwenzangu ni kaka Hamisi, fundi wa kompyuta, ambaye programu zetu zikimfikia huwa zimeshagoma.

HAMISI: Zimegoma, na mteja kanuna. Hamjambo wasikilizaji.

NEEMA: Tuna ujumbe wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Programu yake ya stoo ilikuwa kwenye kompyuta ya zamani. Amenunua nyingine, used, akahamisha folda yote kwa flashi. Kubofya tu, kiboksi: programu haiwezi kuendelea kwa sababu MSVCP140.dll haionekani. Akaitafuta mtandaoni kwa jina lake, akaipakua, akaitia System32. Kiboksi kile kikaondoka, kikaja kingine: 0xc000007b.

HAMISI: Sasa hapo ndipo wanapoletwa kwangu. Kiboksi cha kwanza hawaniletei hata siku moja. Wananiletea cha pili, wakishajitibu wenyewe.

NEEMA: Tuanze na cha kwanza basi.

HAMISI: Hiyo faili ni DLL, yaani maktaba ya kodi ambayo programu huiazima, na haitafutwi peke yake. Inakuja ndani ya kifurushi cha bure cha Microsoft, Visual C++ Redistributable. Programu iliyoandikwa kwa C++ na kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa exe, na Visual Studio, zana ya Microsoft ya kuandikia programu, inategemea maktaba zilizomo humo: MSVCP140, VCRUNTIME140 na wenzake. Kompyuta ya zamani ilikuwa nacho kwa sababu programu nyingine ilishakileta. Hii mpya hakuna aliyekileta.

NEEMA: Na ile namba inaeleza mengi. Ukiona MSVCR100, hiyo ni ya Visual Studio 2010. 110 ni 2012, 120 ni 2013. Kuanzia 2015 wakabaki kwenye 140, kwa hiyo kifurushi kipya cha 140 kinahudumia programu za 2015, 2017, 2019 na 2022. Lakini hakihudumii ya 2010. Ile inataka chake.

HAMISI: Watu wanaona orodha kwenye Programs and Features, Visual C++ zimejaa kama saba, wanafuta wakidhani zinajirudia. Dada Neema, nimeshawaambia hadi nimechoka. Ziacheni!

NEEMA: Kuna wanaokuwa na kifurushi hicho na bado wanaambiwa VCRUNTIME140_1.dll haipo. Wanadhani ni kirusi, kwa sababu ya hilo "_1".

HAMISI: Wana kifurushi cha zamani. Hiyo faili ilianza na Visual Studio 2019, na ni ya biti 64. Pakua toleo la karibuni la kifurushi, basi.

NEEMA: Turudi kwa ndugu yetu na 0xc000007b.

HAMISI: Mara nyingi namba hiyo maana yake ni kwamba biti 32 na biti 64 zimechanganywa. Programu yake ni ya biti 64, faili aliyoipakua ni ya biti 32. Windows inaiona faili ipo, inaifungua, inakuta si ya kwake. Na hapa kuna mtego: kwenye Windows ya biti 64, folda inayoitwa System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64. Ya biti 32 yanakaa SysWOW64.

NEEMA: Wasikilizaji wanadhani umekosea kusema.

HAMISI: Sijakosea. Programu nyingi zilikuwa na jina System32 limeandikwa ndani kabisa, Microsoft wakaliacha hivyo hivyo ili zisivunjike zikikompailiwa upya. Mtu anasoma 32, anaweka ya 32. Ningekuwa mimi ningeweka vilevile.

NEEMA: Afanyeje?

HAMISI: Kwanza aifute ile aliyoiweka kwa mkono. Asiiache halafu akainstoli juu yake. Kisha apakue kifurushi kwenye tovuti ya Microsoft, zote mbili, x64 ya biti 64 na x86 ya biti 32, aweke zote hata kama Windows yake ni ya biti 64, kwa sababu inayoamua ni programu, siyo Windows. Arestati, ajaribu. Na zile tovuti zinazogawa DLL moja moja aachane nazo kabisa. DLL si picha wala dokumenti, ni kodi inayotekelezwa. Ukiipa nafasi ndani ya programu inayoshika hesabu za duka lako, inaweza kufanya lolote ambalo programu yenyewe ina ruhusa ya kulifanya.

NEEMA: Mimi nitasema ambalo kaka Hamisi analisitiri kwa adabu. Kosa hili si la mwenye duka, ni letu tulioandika. Tunajaribu programu kwenye laptopu yenye Visual Studio nzima, kila maktaba ipo, inafunguka, tunamtumia mteja faili ya exe kwa WhatsApp.

HAMISI: Imebadilishwa jina na kuwekwa .txt ili ipite!

NEEMA: Ndiyo hiyo. Na wapo wanaotuma ya debagi, ile ya mwandishi kutafutia makosa. Ukiona kiboksi kinataka MSVCP140D au VCRUNTIME140D, ile D ya mwisho, au ucrtbased.dll, usihangaike kuinstoli kitu. Hakuna kifurushi kitakachokupa hizo kwa mteja. Leseni ya Microsoft hairuhusu kuzigawa, zinakuja na Visual Studio tu. Mrudie aliyekuandikia, mwambie akompaili kwa Release, ile ya kumpa mteja.

HAMISI: Na wanafunzi wa vyuo? Wao wanakuja na libstdc++-6.dll.

NEEMA: Hao wanatumia MinGW, kompaila nyingine ya C++. Wanabonyeza kitufe ndani ya Code::Blocks, wanakoandikia kodi, inafunguka. Wanaingia kwenye folda, wanabofya exe wenyewe, inakataa: libstdc++-6, libgcc_s_seh-1, libwinpthread-1. Hizo zimo kwenye folda ya bin ya kompaila yenyewe. Zikopi uziweke pembeni ya exe, au kompaili kwa kuongeza -static, zimezwe humo humo. Faili itanenepa kidogo, lakini mradi utafunguka mbele ya msimamizi.

HAMISI: Kuna ile nyingine inayosema faili ipo, ila "procedure entry point" haionekani.

NEEMA: Hiyo nzuri. Faili imepatikana lakini si toleo lake. Windows ikitafuta DLL ya kawaida huanza na folda ya exe, ikaja System32, ikaja folda ya Windows, na mwisho kabisa folda zilizotajwa kwenye PATH, ile orodha ya folda ambazo Windows huzipekua. Sasa una programu nyingine iliyojiingiza kwenye PATH na libstdc++ yake ya zamani. Hiyo ndiyo inayookotwa. Andika where libstdc++-6.dll kwenye Command Prompt, utaziona zote zilizo kwenye PATH, kwa mpangilio.

HAMISI: Mimi natumia Process Monitor. Ya bure, ya Microsoft. Naweka kichujio cha jina la exe, nafungua programu, halafu naangalia mistari ya NAME NOT FOUND. Unaiona inavyohangaika: imegonga folda yake, hakuna, System32, hakuna, folda ya Java, hakuna, folda ya printa, hakuna. Jina linalorudiwa rudiwa mpaka mwisho halafu programu ikafa, ndilo lenyewe.

NEEMA: Inafaa sana kwa Qt, maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe vya programu. Programu za Qt zinakwambia "windows platform plugin" haikupakiwa, wakati DLL zote ziko pale. Qt inataka folda inayoitwa platforms pembeni ya exe, na ndani yake qwindows.dll. Huipakia wakati programu inaanza kukimbia, kwa hiyo ukichungulia orodha ya tegemezi za exe huioni. Endesha windeployqt, zana ya Qt yenyewe, itakusanya kila kitu.

HAMISI: Kwa orodha hiyo mimi nilikuwa na Dependency Walker.

NEEMA: Iache, kaka. Kwenye Windows 10 inakuonyesha mistari myekundu ya api-ms-win chungu nzima ambayo haina tatizo lolote. Kuna Dependencies, ni chanzo huria, inazielewa.

HAMISI: Umezitaja api-ms-win. Huku mtaani Windows 7 bado ipo, hasa madukani na stationery. Ikilia api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll, dawa ipo: Service Pack 1, kisha pachi ya Microsoft, KB2999226. Lakini alikuja kijana na programu ya risiti aliyoitengeneza kwa Python, akaifunga kuwa exe. Inalia api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll. Majina yanafanana, ukikimbia kusoma huoni tofauti. Nikaweka pachi, wapi.

NEEMA: Hiyo haina pachi. Python kuanzia 3.9 iliacha Windows 7, inaita vitu vilivyokuja na Windows 8. Ama abadilishe Windows, ama aifunge upya kwa Python 3.8.

HAMISI: Mwenye duka alisema mashine ile haibadilishwi. Kijana akarudi 3.8.

NEEMA: Dakika chache za Linux kabla hatujafunga. Huko ukiandika ldd na jina la programu, inakuorodheshea maktaba, na iliyokosekana ina "not found" mbele yake. Programu usiyoiamini usiipe ldd, kwa sababu inaweza kuiendesha. Tumia objdump -p uangalie mistari ya NEEDED.

HAMISI: Ya kawaida kwangu ni kukosekana kwa libssl.so.1.1 kwenye Linux ya Ubuntu 22.04.

NEEMA: Kwa sababu libssl ni ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji, na 22.04 ilikuja na OpenSSL 3. Na tafadhali, msitengeneze linki ya jina libssl.so.1.1 mkaielekeza kwa libssl.so.3. Jina litapatikana, halafu programu italalamikia toleo. Tafuta toleo jipya la programu yenyewe.

HAMISI: Na ile inayosema GLIBC_2.34 haipo?

NEEMA: Hapo ndipo usiguse kitu kwa mteja. Glibc, maktaba ya msingi ya Linux, ndiyo inayobeba karibu mfumo wote. Ukiilazimisha mpya kwenye Ubuntu 20.04, yenye 2.31, hata amri ya ls inaweza isifunguke. Mwandishi ndiye anayerudi nyuma: akompaili ndani ya kontena ya mfumo wa zamani kuliko wote walio nao wateja wake. Kilichojengwa kwenye ya zamani kwa kawaida kinakimbia kwenye mpya, kinyume chake hapana.

HAMISI: Kwa hiyo nikiletewa hiyo?

NEEMA: Piga picha kiboksi chote, siyo kipande, umtumie aliyeandika. Na usimchaji mteja.

HAMISI: Nauli nitachaji.