Nakala Haichezwi

Assalaam alaykum. Ahsanteni kwa kuja, na nyinyi mliokaa kwenye ngazi sogeeni, nafasi ipo.

Ijumaa iliyopita baada ya magharibi tulikuwa barazani hapa Mji Mkongwe tukicheza Magic, mchezo wa karata za uchawi. Kijana mmoja akatoa Fireball, karata ya pigo la moto, akalipa mana 6 (mana ndiyo nguvu ya kulipia karata): 1 ya karata yenyewe, na 5 ili X, ukubwa wa pigo, iwe 5. Mwenziwe akatoa Fork, karata ya kunakili, akainakili ile Fireball. Hapo kukachafuka: "X hujailipia, yako sifuri!" Wenye sauti kubwa wakashinda, na wao ndio waliokosea. Jambo lile limeniuma, kwa sababu mchezo huu, tangu Richard Garfield alipoubuni na ukatoka mwaka 1993, umeandikiwa sheria ili mtoto mpole naye apate haki yake.

Shikeni hili: nakala haichezwi. Kucheza sihiri, yaani karata kama Fireball, ni kuitoa mkononi, kutaja X, kuchagua shabaha, kulipa. Nakala haipiti njia hiyo. Inawekwa tu juu ya rundo, pale sihiri zinaposubiri zamu ya kutenda, nayo inazaliwa na kila uamuzi wa ile ya asili: X ileile, shabaha ileile. Basi Fireball ya yule aliyenakili ilikuwa ya 5, na alichodaiwa ni mana 2 nyekundu za Fork.

Rundo nalo ni kama chapati za futari: iliyotoka jikoni mwisho ndiyo iliyo juu, nayo huliwa mwanzo. Nakala huwa juu ya asili yake, kwa hiyo hutenda kabla yake.

Sasa tazameni mkeka. Nakurushia Lightning Bolt, pigo la 3. Wewe unajibu kwa Counterspell ili uifute. Nami najibu kwa Fork, nailenga Counterspell yako. Fork ikitenda, napata Counterspell yangu mimi, ya rangi nyekundu, maana Fork imesema hivyo, na imeniruhusu kubadili shabaha. Naielekeza wapi? Kwa Counterspell yako wewe! Yako inafutwa, Bolt inakufikia. Kwa macho yangu hakuna mchezo mzuri kuliko huu ndani ya karata tatu. Lakini karata ya kunakili isiposema unaweza kubadili shabaha, shabaha haibadiliki.

Kutoka hapo mtaielewa Grapeshot, karata ya pigo la 1. Inanakiliwa mara moja kwa kila sihiri iliyochezwa kabla yake katika zamu hiyo. Zilikuwa 4, utapata nakala 4, mapigo 5 kwa jumla. Ukicheza Grapeshot ya pili papo hapo, utahesabu 5, si 9, kwani zile nakala hakuna aliyezicheza. Kuzifuta, hata hivyo, inawezekana: nakala ni sihiri kamili ikiwa juu ya rundo.

Sihiri ya kiumbe, yule anayebaki uwanjani kukupigania, nayo ikinakiliwa, tangu 2020 nakala yake huingia uwanjani ikiwa tokeni, yaani alama inayosimama badala ya karata.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu Fling, ambayo lazima umtoe kafara kiumbe wako ndipo uicheze. Je, anayeinakili atoe wa kwake? Hapana, dada yangu. Kafara ni sehemu ya malipo, na malipo yalikwisha. Nakala inamtazama kiumbe yuleyule aliyekwishatolewa: alikuwa na nguvu 7, basi na nakala itapiga 7.